Mkono Kando ya Mlango

Jumamosi mchana, duka la rangi pale Kalangalala, mjini Geita, halina hata pa kuweka mguu. Mafundi wamejazana kwenye kaunta, mashine ya kuchanganya rangi inatetemeka kama ina homa, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Rushabh, kijana mrefu wa Kihindi, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, mkononi ameshika kipande cha plasta kilichobanduka ukutani.

"Nataka rangi kama hii. Ndoo tano," alimwambia muuzaji.

"Hiyo ni krimu, bosi. Ya kizamani."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Krimu ni rangi ya zahanati," ilisema sauti ya kike nyuma yake.

Rushabh akageuka. Alimwona dada mweusi wa kung'aa, ovaroli ya jinzi imedondokewa rangi magotini, kichwani kilemba cha kitenge cha njano, penseli imechomekwa juu ya sikio. Mtu wa kazi, ungesema. Lakini macho yale hayakuwa ya kazi tu, mimi nakuambia ukweli.

"Samahani dada, nilikuomba ushauri?"

"Hukuomba. Nimekupa bure. Unataka kumlaza nani zahanati?"

"Mama yangu," alisema Rushabh. "Amepata kiharusi. Yuko Mwanza kwa dada yake, anafanyishwa mazoezi. Nyumba iko Shinyanga. Nataka akirudi aikute nzuri."

Nelly, maana ndilo jina lake, Nelly binti Masele, alitamani sakafu ipasuke. Mdomo wake ulikuwa umemponza mara nyingi, lakini siku ile alijisikia vibaya hasa. Akamshika mkono yule kijana asiyemjua, akamtoa kwenye msongamano mpaka kwenye kivuli cha baraza.

"Pole kaka yangu. Nisamehe. Hebu niambie hiyo nyumba ikoje."

Basi akaambiwa. Nyumba ya mwaka arobaini na saba, milango ya bluu, sakafu ya saruji nyekundu iliyopasuka, dari la bodi lililovimba kwa mvua, choo cha kuchuchumaa, mlango wa bafu mwembamba usiopitisha kiti cha magurudumu. Baba yake, Jashvant, alikufa miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyegusa hata msumari. Rushabh mwenyewe alikuwa Geita, ana duka la pampu na mota za wachimbaji barabara ya pili tu kutoka pale. Mama angerudi baada ya wiki sita.

"Wiki sita zinatosha," alisema Nelly. "Lakini si kwa krimu."

Kazi yake ilikuwa hiyo. Mchimbaji akitoka, yaani dhahabu ikimkubali, kitu cha kwanza ni gari na cha pili ni Nelly: dari la jipsamu, taa za kujificha, marumaru, ukuta mweupe kama maziwa. Wakapeana namba za simu. Za kazi, walisema wote wawili.

Za kazi. Jumatatu alimtumia picha ya marumaru. Jumanne akamtumia picha ya vitasa, naye Rushabh akajibu kwa picha ya chai yake na maandazi. Jumatano hakukuwa na picha ya vitu tena.

"Unafanya nini?" aliuliza Rushabh kwenye simu.

"Nakuna puti kwenye kucha. Wewe?"

"Namuuzia mtu pampu, lakini moyo hauko kwenye pampu."

"Uko wapi?"

"Nadhani umeuchukua wewe kwenye lile duka la rangi, ukauweka kwenye mfuko wa ovaroli."

"Mfuko huo una tundu, baba. Utadondoka."

"Basi ushike mkononi, mpenzi."

Ndivyo neno hilo lilivyoingia, bila kupiga hodi. Kila Jumapili walipanda pikapu ya Rushabh kwenda Shinyanga kukagua kazi, na kila Jumapili walirudi kazi imekaguliwa kidogo na wao wamekaguana zaidi. Ile nyumba ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, si mbali na reli. Sebuleni kulikuwa na bembea ya mbao ya msaji, imening'inizwa kwa minyororo ya shaba, na Nelly alipoiona mara ya kwanza alicheka.

"Hii nayo inatoka?"

"Hii haitoki hata nikifa. Mama hunywa chai yake humo. Keti."

Akaketi. Rushabh akaisukuma polepole. Vumbi la dari lililovunjwa lilikuwa limewajaa wote wawili mpaka kope, wakafanana rangi, na Nelly akamwambia hivyo.

"Sasa hivi hata kwenu hawawezi kunikataa. Tumekuwa kabila moja. Kabila la vumbi."

Rushabh alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Mama akirudi utaniita nani mbele yake?" aliuliza Nelly. Aliuliza kwa utani, lakini ndilo jambo alilotaka kulijua kuliko kitu kingine chochote duniani.

"Nitamwambia wewe ndiye mke wangu."

"Utaweza?"

"Nitaweza. Siku hiyo hiyo."

Simu ya Nelly ikaita. Alikuwa baba yake, Mzee Masele, katekista wa kigango kimoja huko Nyang'hwale, mtu anayepiga kila Jumapili baada ya ibada.

"Shikamoo baba. Niko Shinyanga. Hapana, siko peke yangu, niko na mteja."

Rushabh alilisikia neno hilo. Alilisikia na Jumapili iliyofuata, na nyingine iliyofuata. Hakusema kitu. Angesema nini, na yeye mwenyewe alikuwa anamwambia mama yake kwa simu kwamba kazi inaendelea vizuri, kuna fundi mmoja mwanamke, mzuri sana wa kazi?

Wiki ya tano ilikuwa ya kuta. Nelly alikuwa Shinyanga siku hizo zote na mafundi wake, mkubwa wao akiwa Benjamini, mtu wa makamo mwenye mkono mwepesi wa kupaka puti, ile lipu laini ya kusawazisha ukuta kabla ya rangi. Alhamisi kama saa sita mchana Benjamini alimwita.

"Dada Nelly, njoo uone hiki."

Kando ya mlango wa sebule, pale alipopangusa vumbi, upande wa kulia, kimo cha kifua, kulikuwa na alama ya wekundu uliochujuka. Kiganja. Vidole vitano, vyembamba, kama vya msichana. Mafundi wa zamani walipopaka ile krimu, mwaka baada ya mwaka, walikuwa wamekata rangi kwa uangalifu kukizunguka, mpaka kiganja kikawa kama kimelala ndani ya kisahani.

Nelly akakitazama kwa muda mrefu. Fundi anayeijua kazi yake anajua kwamba doa halikatiwi rangi namna ile. Akampigia Rushabh.

"Mpenzi, hapa kando ya mlango kuna alama nyekundu ya mkono. Niiache?"

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu na mlio wa mota inayojaribiwa. Rushabh akamwashiria mtu azime mota.

"Paka tu," alisema.

"Una uhakika? Naona kama mtu aliitunza."

"Nyumba yote nyeupe, si ndivyo tulivyokubaliana? Paka tu, laazizi. Nina wateja."

Benjamini akapiga msasa, akapiga puti, ikakauka, akapiga msasa tena, akapaka. Ukuta ukawa laini, mkono ukipita haukwami popote. Nelly alijiambia kuwa mwenye nyumba ndiye ajuaye. Lakini jioni hiyo hakula vizuri, na hakujua kwa nini.

Mama Rushabh, Gangaben kwa jina lake, alirudi siku ya Jumapili. Nelly alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda kuposwa: gauni la kitenge cha zambarau lililomkaa kiunoni, nywele mpya za kusuka, viatu vya kisigino vilivyombana lakini akavivumilia. Ovaroli aliiacha Geita makusudi. Alisimama barazani.

Gari likaingia. Akashuka Scolastika kwanza, mama wa makamo aliyemtunza Gangaben tangu Rushabh akiwa shule ya msingi. Kisha akashuka Gangaben mwenyewe, mdogo wa umbo, sari nyeupe ya pamba yenye pindo la bluu, mkongojo mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kifuani kama kitu alichobebeshwa.

"Shikamoo mama," alisema Nelly.

"Marahaba mwanangu. Mwadila," aliitikia Gangaben, kisha akaongeza salamu nyingine za Kisukuma mbili tatu, maana alikaa nyuma ya kaunta ya vitambaa miaka arobaini akiwauzia wanawake wa vijijini. Nelly akashangaa, akaitikia. Rushabh mwenyewe hakuelewa walichosema.

Nyumba ikakaguliwa. Bafuni Gangaben alishika kishikio cha ukutani, akakivuta kujaribu nguvu yake, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki wake. "Choo cha kukaa. Sasa nimekuwa malkia." Jikoni alifungua na kufunga droo zinazofunga bila kelele, mara nne. Nelly alihisi moyo unapanuka. Akamtupia Rushabh jicho: sasa. Rushabh akasema, "Mama, twende sebuleni ukae."

Pale mlangoni Gangaben akasimama. Akampa Scolastika mkongojo, akainua mkono wa kushoto, akauweka ukutani kando ya mlango bila kutazama, kama mtu anayetafuta swichi ya taa ya nyumbani kwake. Ukapapasa juu. Ukapapasa chini. Kisha akatazama.

"Rushabh. Mkono wangu uko wapi?"

Akapapasa tena pale pale.

"Nani alisema ufutwe?"

Nelly akamwangalia Rushabh. Alimpa nafasi. Alimpa muda ambao mtu mzima angeweza kusema maneno matatu, manne, hata kumi. Rushabh alikuwa anaangalia marumaru.

"Fundi hakujua, mama," alisema.

Fundi. Wiki sita alikuwa mpenzi, alikuwa laazizi, alikuwa mke mtarajiwa, na siku yenyewe ilipofika akawa fundi. Mimi nimesimulia mengi ya wanaume lakini hili linanipandisha hasira mpaka leo.

"Nisamehe mama," alisema Nelly. "Sikujua." Akatoka nje na vile viatu vinavyobana.

Scolastika alimfuata mpaka getini. "Dada, ngoja. Usiondoke hujui ulichofanya."

"Nimefuta doa, mama."

"Mama alikuja hapa kwa treni kutoka Tabora, bibi arusi wa miaka ishirini na mbili. Kwao bibi arusi akifika mlangoni huchovya kiganja kwenye unga mwekundu uliolowekwa, akakigonga ukutani, ndiyo nyumba imempokea. Ule ulikuwa mkono wake wa kulia. Wa siku ile." Scolastika akajifuta macho na upande wa khanga. "Kule Mwanza mazoezi yanamuuma mpaka analia. Anajipa moyo, anasema nikifika nyumbani nitauona mkono wangu mzima. Maana huu alio nao hauinuki tena."

Nelly akashika geti. Hakulia. Alitaka kurudi ndani aseme kitu, akagundua hakuna neno lolote, si la Kiswahili wala la Kisukuma, linaloweza kuurudisha mkono ule.

Alirudi Geita kwa basi la mchana. Rushabh alimpigia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokea.

"Nelly, nisikilize..."

"Niite kwanza."

"Nini?"

"Niite jina uliloniita mbele ya mama yako. Nataka kulisikia likitoka kwenye mdomo huo huo unaoniita laazizi."

"Nelly, tafadhali."

"Nilikuuliza, Rushabh. Nilikuambia kuna mtu aliutunza. Ukasema paka. Sasa mama yako anadhani kuna mwanamke alikuja nyumbani kwake akamkata mkono kwa ujinga."

"Nilishindwa. Maneno yalikuja yenyewe. Sijui nifanye nini."

"Hata mimi sijui ufanye nini," alisema Nelly, akakata. Halafu akakaa kitandani ameshika simu, akitumaini itaita tena, akijichukia kwa kutumaini. Ndivyo mapenzi yalivyo. Haikuita.

Jumatano alfajiri alivaa ovaroli yake, akamchukua Benjamini, wakapanda basi kwenda Shinyanga. Hakumwambia Rushabh. Scolastika aliwafungulia, akawaambia mama hajakaa sebuleni tangu Jumapili. Analetewa chai chumbani. Lakini aliposikia Nelly akisalimia kwa Kisukuma kutoka mlangoni, Gangaben alijikongoja mpaka kwenye bembea, akaketi, hakusema kitu.

Nelly akapiga magoti kando ya mlango. Akalowesha ukuta kwa kitambaa cha maji vuguvugu, akasubiri, akaanza kuondoa rangi kwa ncha ya kisu, kidogo kidogo. Rangi ikatoka. Puti ikalainika, ikatoka. Alikuwa anafanya kazi kama mtu anayefukua mtoto aliyefukiwa na kifusi. Chini ya puti akakuta plasta ya kijivu. Akasogea pembeni, akakuna tena. Kijivu. Wekundu haukuwapo hata wa kukupaka ncha ya kidole.

"Nilipiga msasa kwanza," alisema Benjamini taratibu. "Ili puti ishike. Msasa ndio uliouondoa, dada. Hautapatikana."

Nelly aliendelea kukuna. Benjamini akamnyang'anya kisu, na hapo ndipo Nelly alipolia, magotini, vumbi jeupe usoni likiwa matope.

"Njoo hapa," alisema Gangaben.

Akaenda, akaketi sakafuni karibu na bembea.

"Uliambiwa na nani upake?"

Nelly akapangusa vumbi magotini.

"Sikuulizi ili nikugombeze. Jumapili ulimwangalia mwanangu, ukasubiri. Niliona. Kiharusi kimechukua mkono, hakikuchukua macho."

Simu ya Nelly ikaanza kuita juu ya sanduku la vifaa. Jina la Rushabh lilikuwa kwenye kioo, na mbele yake kikopa chekundu ambacho Nelly hakuwa na moyo wa kukifuta. Gangaben akakiona. Nelly akanyoosha mkono kuichukua.

"Usipokee," alisema mama. "Kwenye simu kila mtu ni shujaa. Scolastika, mwandikie aje. Usimwambie kuna nani."

Rushabh alifika saa tisa alasiri. Safari ya kutoka Geita ilionekana usoni mwake. Shati halikuwa na pasi tena, na macho yalikuwa ya mtu aliyedhani anakuta maiti. Akamkuta mama yake kwenye bembea, Nelly sakafuni, na kando ya mlango shimo la kijivu mfano wa bakuli kwenye ukuta mweupe. Akasimama pale pale mlangoni. Hata kusalimia alisahau.

"Mama, ni mimi," alisema. "Aliniuliza. Alinipigia simu, akaniambia kuna mkono, akaniambia kuna mtu aliutunza. Mimi ndiye niliyesema paka."

"Ulisahau kuwa ni wangu?"

"Sikusahau."

Hapo hata Nelly akainua kichwa.

"Basi kwa nini?"

Rushabh akamtazama mama yake. "Kwa sababu ningemwambia ni mkono wa bibi arusi, angeniuliza wake utawekwa wapi. Na sikuwa na jibu. Nikaona bora usiwepo kabisa. Nilifanya hivyo mchana kweupe, nikaendelea kuuza pampu." Akalia waziwazi, bila kujifunika. "Nimekukata mkono, mama, kwa kuogopa swali."

Bembea ilikuwa imesimama. Gangaben akamwelekeza Nelly kwa kidevu.

"Na huyu ni nani?"

"Ni Nelly."

"Jina lake ninalo. Ni nani?"

"Ndiye ninayempenda. Nataka kumwoa. Nilipaswa kukuambia Jumapili, nikamwita fundi." Akamgeukia Nelly. "Siombi unisamehe leo. Nilitaka ulisikie likisemwa hapa, ndani ya nyumba hii."

Nelly alikuwa amejiapiza kutomsamehe. Alikuwa na maneno makali ameyapanga tangu Jumapili, mazuri kabisa, na sasa hakuyaona yalipokwenda. Alikuwa anamhurumia, na chini ya huruma ulikuwapo upendo wenyewe, mzima, haujapungua hata kidogo. Jambo hilo lilimuudhi.

"Wewe ni mwoga," alimwambia.

"Najua."

"Mwoga sana, Rushabh."

"Najua, mpenzi."

Safari hii alilisema mbele ya mama yake, wala hakuangalia sakafu.

Gangaben alifumba macho. "Ndugu za baba yako hawatakubali," alisema. "Watakuja, watakaa kwenye makochi haya mapya, watakunywa chai, watasifu taa. Wakiondoka hawatarudi tena. Nawajua. Zamani ningewafuata mmoja mmoja mpaka wachoke. Sasa siwezi hata kufunga kitasa cha mlango wangu mwenyewe. Sina nguvu ya kukusaidia, beta, mwanangu. Sina." Chozi likateremka upande ule mmoja wa uso, na mkono wa kulia haukuweza kulifuta, na wa kushoto ulikuwa umeshika mnyororo. Nelly akalifuta kwa upande safi wa kitambaa chake.

"Na wewe," Gangaben alimuuliza. "Kwenu wanamjua?"

Nelly akakunja kitambaa chake.

"Mimi ni mteja," alisema Rushabh polepole.

Hakusema kwa kisasi. Lakini lilimpata Nelly barabara, kwa sababu ni kweli. Jumapili tano alikuwa anamwambia baba yake katekista kwamba yuko na mteja, halafu anamlaumu mtu mwingine kwa kumwita fundi. Jamani. Nyani haoni kundule.

Akachukua simu. Vidole vilikuwa na puti, kioo kikagoma kumsikiliza mara mbili. Ikaita muda mrefu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna nini? Leo si Jumapili."

"Niko Shinyanga. Kwa yule mteja." Wote walikuwa wanamwangalia, hata Benjamini aliyejifanya anakunja gazeti. "Si mteja, baba. Ni mtu ninayempenda. Anaitwa Rushabh. Ni Mhindi."

Kuku walisikika upande wa pili, na mtu akitwanga.

"Anasali wapi?" aliuliza baba yake hatimaye.

"Hekaluni kwao, baba."

Nelly alisikia pumzi ya baba yake, akajua ameketi chini, akajua amevua kofia. Alitamani kuyameza maneno yote ayarudishe tumboni. Gangaben akanyoosha mkono wa kushoto. "Nipe."

Akaiweka simu sikioni. "Mwadila, baba Nelly," alisema, akaendelea kwa Kisukuma, taratibu, kile cha kaunta ya vitambaa. Hakumbembeleza. Alimwambia yeye ni mjane, ni mgonjwa, ana mtoto mmoja mwoga, na binti yake Masele amepiga magoti nyumbani kwake tangu asubuhi akitafuta kitu kisichopatikana. Alimwambia hawezi kumwahidi amani. Kisha akasikiliza, akashukuru, "Wabeja," akarudisha simu.

"Amekubali?" aliuliza Rushabh.

"Hapana," alijibu Nelly, maana alikuwa ameketi karibu, ameyasikia yote. "Hakukataa pia. Kasema mvua zikikatika atakuja kumwona mtu huyo kwa macho yake. Na kabla ya hapo wewe usikanyage kwake."

Benjamini, ambaye kwa kweli alitaka kuwahi basi, akafungua ndoo ya rangi nyeupe, akachovya brashi, akaelekea kwenye ule ukuta uliokunwa.

"Hapo usipake," alisema Gangaben.

Akainuka kwenye bembea. Nelly akamshika upande wa kulia, Rushabh wa kushoto, wakaenda hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Akakichukua kiganja cha kulia cha Nelly, kikavu, kichafu, bila unga wowote, akakipima pale kwenye kijivu bila kukigusisha.

"Mkubwa kuliko wangu," alisema. "Mkono wa kazi. Wangu siwezi kuurudisha, na wako sijui kama utafika hapa. Baba yako hajui, ndugu za mume wangu hawajui, mimi sijui. Lakini pasipakwe."

Masika yamepita yakakatika, na Mzee Masele alikuja mara moja, akanywa chai, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Bado wanangoja. Nyumba yote ni nyeupe, isipokuwa pale kando ya mlango. Wageni wakiingia wanauliza kwa nini fundi hakumaliza kazi, na Gangaben, kutoka kwenye bembea yake, huwajibu kwamba fundi ni mkwe wake, na kazi iliyobaki inasubiri baba wa mkwe huyo aseme ndiyo.